Watapumzishwa

Pale Mkuyuni, Mwanza, mtu akisema "Mchumi", watu walijua anasemwa Nkwabi, mtoto wa mzee Shigela. Jina hilo alibandikwa na wanaume wa kiwanda cha kuchambulia pamba alichofanyia kazi baba yake, siku habari zilipofika kwamba kijana amepata nafasi Chuo Kikuu, Dar es Salaam, akasomee uchumi wa biashara. Wanaume wale walicheka mpaka wakashika mbavu. Kuchuma? Mtu apande treni siku mbili, apewe kitanda na chakula cha serikali, akafundishwe kuchuma? Si angevuka tu ziwa hapo Kamanga wamwingize shambani, wamfundishe bure, na jioni arudi na gunia lake la pamba kichwani. Mama yake, Bernadeta, angeridhika kabisa kama angekwenda zake Butimba kusomea ualimu, alale nyumbani kila Jumamosi. Lakini mzee Shigela hakucheka wala hakulalamika. Alichokielewa yeye ni kwamba mtoto anasomea jambo lenye kuchuma ndani yake, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mtu wa pamba tangu ujana, aliona elimu ile haijatoka nje ya ukoo. Wala hakuwahi kumwita mwanawe Mchumi. Alimwita "baba", kama alivyomwita tangu akiwa mgongoni.

Nkwabi hakuwa kijana mbaya. Hakuwa mlevi, hakuwa na majivuno ya kupita kiasi, na akirudi likizo alibeba maji kama zamani, ingawa sasa alibeba akiwa amevaa viatu. Alikuwa na udhaifu mmoja tu, nao ulitosha kumharibia: hakuweza kustahimili kumwona mtu anayempenda akikunja uso kwa sababu yake. Udhaifu kama huo ukiuangalia kwa mbali unafanana na huruma. Watu wengi, hata yeye mwenyewe, waliuita huruma.

Mwisho wa mwaka wa pili wanafunzi walitakiwa waende kwenye mafunzo ya kazi, yale waliyoyaita fildi, kisha waandike ripoti. Nkwabi aliomba kiwanda cha baba yake akakubaliwa. Ulikuwa mwaka ule ambao wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia kwenye pamba, na kila mtu Mwanza alikuwa akisubiri kitu, ila hakuna aliyejua anasubiri nini. Kiwanda kilikuwa kinatafutiwa mwenye mali mpya. Mtaalamu mmoja, Bwana Pius, alikuwa ametumwa kutoka Dar es Salaam kukikagua na kukiandaa kwa ajili ya kuuzwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani na kikohozi kidogo, aliyezaliwa Bukoba na kulelewa Upanga, na Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini toka mwanzo hadi mwisho. Alimpenda Nkwabi tangu siku ya kwanza. Alimpa meza ndogo karibu na dirisha, akawa anamwonyesha jinsi hesabu za darasani zinavyogeuka kuwa mashine, magunia na watu. Nkwabi alifurahi sana. Mara ya kwanza maishani mwake aliona kwamba ile mistari inayopanda na kushuka ubaoni ilikuwa inasema habari za mahali anapopajua.

Halafu siku moja akaona inasema habari za baba yake. Mwenye mali mpya, aliyekuwa ameshapatikana, angeleta mashine yake ya kushindilia na kufunga marobota, na mashine ile isingehitaji wanaume wanaoruka juu ya pamba wala wanaokaza nyaya kwa mikono. Idara ya marobota ingefutwa yote, pamoja na upakiaji na usafi. Mzee Shigela alikuwa idara ya marobota tangu kabla Nkwabi hajazaliwa.

"Wewe ni mtoto wa hapa," Bwana Pius akamwambia. "Ripoti hii iko kwa Kiingereza. Itafsiri sehemu inayowahusu, uwasomee mkutanoni. Wakisikia kutoka kwako watatulia."

Hakuna kilemba cha ukoka kinachomkaa msomi vizuri kama hicho. Nkwabi akaenda nyumbani, akaitafsiri jioni ile ile, na ni haki kusema kwamba aliitafsiri sawasawa. Aliandika: wafanyakazi wa idara hizo watapunguzwa kazini, na mafao yao yatashughulikiwa. Neno "kupunguzwa" lilikuwa linajulikana Mwanza nzima. Lilikuwa limeshapita kwenye viwanda vingine, na popote lilipopita wanawake walianza kuuza vitumbua na wanaume walianza kushinda nyumbani bila fulana. Hakuna aliyehitaji kamusi.

Siku ya mkutano wafanyakazi walikaa kwenye ghala tupu, maana pamba ya msimu uliopita ilikuwa imeisha na mpya bado haijaanza kuingia. Nkwabi alivaa shati jeupe na tai ya kuazima. Alisimama juu ya mzani mkubwa wa sakafuni, uliogeuzwa jukwaa. Akasoma salamu, akasoma utangulizi, sauti yake ikawa inasikika mpaka mlangoni. Kisha akainua macho.

Baba yake alikuwa amekaa mstari wa pili. Alikuwa amevaa ovaroli iliyopigwa pasi, kofia ameiweka gotini, na midomo yake ilikuwa inacheza taratibu kila mwanawe alipotamka neno, kama mtu anayefuatisha sala. Alikuwa anatabasamu. Karibu yake wanaume wawili walimgusa bega kumpongeza, naye akaitikia kwa kichwa bila kuondoa macho kwa Nkwabi.

Nkwabi akayashusha macho tena. Aliliona neno kwenye karatasi, aliliona kabisa, na ulimi ukalikataa.

"Wafanyakazi wa idara ya marobota, upakiaji na usafi," alisoma, "watapumzishwa."

Ile sentensi ya mafao akairuka, kama mtu anavyoruka dimbwi.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu kila kitu kimesimama juu ya neno hilo. Kwa wakubwa wa Dar es Salaam, kumpumzisha mtu ni kumwondoa kazini kwa adabu. Bwana Pius, akiwa amekaa pembeni, alilisikia hivyo na akaona kijana amechagua lugha ya heshima. Lakini kiwandani pale neno lilikuwa na maana yake tangu enzi. Kila mwaka pamba ikiisha, meneja alisimama na kusema, "Marobota mnapumzishwa," nao wakaenda makwao kulima mpaka king'ora cha msimu mpya kiwaite. Mafundi wa mashine walirudi mapema kupaka grisi. Watu wa marobota walirudi pamba ikishajaa ghalani. Nkwabi alikua na neno hilo. Alipokuwa mdogo, baba akiingia nyumbani na kusema, "Nimepumzishwa," maana yake ilikuwa baba atakuwepo mchana, watavuka kwa kivuko hadi Kamanga kwa bibi, watakula michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Lilikuwa neno la sikukuu. Kwa hiyo katika ghala lile kulikuwa na watu wa masikio mawili tofauti, na mmoja tu aliyekuwa nayo yote mawili. Mzungumzaji mwenyewe.

Walipiga makofi. Walikuja wakiogopa kupunguzwa, wakaambiwa watapumzishwa kama miaka yote. Nani asingepiga makofi? Malimi, mpakiaji mwenye sauti kuliko wote, alipiga na mluzi.

"Umewapoza vizuri mno," Bwana Pius alimwambia baadaye ofisini, akifuta miwani. "Nilikotoka walivunja vioo. Uandike hilo kwenye ripoti yako ya chuo. Jinsi ya kupeleka mabadiliko kwa watu, hilo wengi hawaliwezi."

Na Nkwabi akaliandika. Aliandika kwamba wafanyakazi walipokea mabadiliko kwa utulivu. Alipomaliza akatazama huku na huku kana kwamba kuna aliyemwona, na hapakuwa na mtu.

Alijiambia atamweleza baba yake nyumbani, taratibu, wakiwa wawili. Jioni ile alimkuta mama yake amechinja kuku. Mzee Shigela alikuwa amewaita majirani, na kila aliyeingia alisimuliwa upya jinsi mtoto alivyosimama juu ya mzani. "Alikuwa anasoma lipoti ya wakubwa," alisema, na ile "lipoti" yake ikawa inajirudia ukumbini kama wimbo. "Bila kukwama. Wakubwa wenyewe wamekaa pembeni, wanamsikiliza." Nkwabi alipewa paja la kuku. Alilitafuna bila kulisikia ladha.

Siku zikaenda. Wakavuka Kamanga kulima viazi, na kwenye kivuko mzee Shigela aliwaambia hata watu asiowajua: huyu ndiye aliyetusomea. Nkwabi akawa anaangalia maji, akijiambia wakifika ng'ambo atasema. Wakifika shambani alijiambia wakipumzika kula atasema. Wakila, baba yake alimpa kipande kikubwa cha muhogo, naye akakitafuna badala ya kusema. Aibu ilianza kumkaa mwilini kama homa isiyopanda wala kushuka. Alikuwa anajichukia, na kila alipojichukia alizidi kuwa mpole kwa baba yake, na kila alipozidi kuwa mpole baba yake alizidi kumsifu.

Kisha akaja Bashiru. Alikuwa mwenzake mzee Shigela kwenye mashine ya marobota, mtoto wa fundi cherehani, aliyezaliwa na kukulia mjini hapo hapo. Alikaa kwenye kigoda uani, akakataa chai, akaenda moja kwa moja.

"Shigela, mimi lile neno la kupumzishwa silipendi. Kila siku nasikia redioni waziri fulani amepumzishwa. Umewahi kumwona waziri aliyepumzishwa amerudi msimu ulipoanza?"

"Waziri hafungi marobota," alisema mzee Shigela.

"Sawa, cheka. Mimi nimeongea na msimamizi mmoja kule kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Ana nafasi mbili, za kupanga maboksi kwenye baridi. Nimesema mimi na wewe. Kesho asubuhi anataka jibu, watu wamejaa getini pale."

Mzee Shigela alikuna goti. Kisha akamgeukia Nkwabi, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Baba, wewe ndiye uliyeisoma lipoti. Nikienda kwa samaki, halafu king'ora kikalia na mimi sipo, si nitakuwa nimepoteza nafasi ya miaka yote? Unasemaje?"

Katika ukumbi mkubwa wa Chuo Kikuu, wanafunzi wamekaa mpaka kwenye ngazi, mhadhiri aliwahi kuwaeleza kitu kinachoitwa gharama ya fursa: kwamba bei halisi ya jambo ulilochagua ni lile jambo jema uliloliacha. Nkwabi alijibu swali la jambo hilo kwenye mtihani kwa mifano mitatu na mchoro, na mhadhiri akalipigia mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika "safi". Sasa swali lilikuwa limekaa uani kwao limevaa kandambili, linamsubiri. Neno moja tu lilitakiwa. Hata nusu ya neno.

"Ni uamuzi wako, baba," alisema. "Kila upande una faida zake."

Bashiru alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa na macho mazuri Bashiru, ya mtu aliyezoea kupima kitambaa kwa kutazama, na Nkwabi akaona yamempima na yameshajua upungufu uko wapi. Lakini mgeni hawezi kumwambia mtu uani kwake kwamba mwanawe anaficha jambo.

"Basi mimi nitakwenda," Bashiru alisema, akainuka. "Hiyo nafasi nyingine nitampa shemeji yangu."

"Nenda salama," alisema mzee Shigela. "King'ora kikilia nitakutetea kwa meneja."

Aliposema hivyo, Nkwabi aliingia ndani, akakaa kitandani, akauma mkono wake mwenyewe mpaka alama za meno zikabaki. Alilia, lakini kimya kimya, asije mama yake akamsikia na kumuuliza anaumwa nini. Hata kilio chake kilikuwa cha uoga.

King'ora kililia asubuhi ya Jumatatu. Kililia kwa muda mrefu, kama desturi, na Mkuyuni nzima ikasimama kukisikiliza. Bernadeta alipiga kigelegele jikoni, akabandika chungu cha michembe, kwa kuwa siku ya kwanza ya msimu wake za wafanyakazi hupeleka chakula getini saa sita. Mzee Shigela alikuwa ameshavaa ovaroli kabla sauti haijakatika. Alikuwa ameifua Jumamosi.

"Twende, baba," alimwambia Nkwabi. "Leo tunaingia kazini wote wawili."

Njiani Nkwabi alifungua mdomo mara nyingi. Walipita gengeni, walivuka reli, walisalimiwa na watu. "Shikamoo mzee Shigela, naona msimu umefunguka." "Marahaba, umefunguka." Ukuta wa kiwanda ukatokea, umepakwa rangi mpya. Kijana akasema, "Baba," na baba yake akasema, "Naam," kwa furaha kabisa, na Nkwabi akasema, "Kamba ya kiatu chako imelegea."

Getini palikuwa na mlinzi mgeni, mwenye sare ya kampuni mpya. Wanaume wa marobota, wapakiaji na wafagiaji walikuwa wameshafika, wanasalimiana kwa vishindo. Mlinzi alimwona Nkwabi na shati lake jeupe, akasogea kumpisha. Kisha akanyoosha mkono mbele ya kifua cha mzee Shigela.

"Idara gani, mzee?"

"Marobota."

"Marobota haipo tena. Nyinyi si mlipunguzwa?" Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja siku ya juma. "Mnatafuta nini hapa?"

Kelele zikakatika. Neno lile lilipita kwa watu mmoja mmoja, na ungeweza kuona linavyofika: huyu ameshusha mikono, huyu amevua kofia. Malimi ndiye aliyegeuka wa kwanza.

"Mchumi," alisema. "Wewe ulitusomea nini siku ile?"

Wote wakamgeukia. Nkwabi alikuwa upande wa ndani wa geti, wao upande wa nje. Hapo ndipo mahali pa mwisho ambapo angeweza kuwa mtu. Aliujua ukweli wote, mwanzo wake na mwisho wake, na ulikuwa mfupi. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi ya Mwanza ni mawe, haina mchezo huo.

"Msimwonee kijana," ilisema sauti ya baba yake.

Mzee Shigela alikuwa amesimama kati yao na geti. Hakumtazama mwanawe.

"Kijana alisoma sawasawa. Alisema watapumzishwa. Hicho ni Kiswahili cha wakubwa, ndivyo wanavyosema wao, hata Bashiru aliniambia. Sisi hapa Kiswahili chetu ni cha kuokoteza, tumesikia tulichotaka kusikia. Kosa ni letu. Mtoto amefanya kazi yake."

Hakuna mtu ambaye angebishana na mzee Shigela siku kama ile, akiwa amevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Wakaanza kuondoka wawili wawili. Na Nkwabi akamwacha baba yake ajivike ujinga usio wake, mbele ya watu aliofanya nao kazi maisha yake yote. Alisimama tu.

Alitoka getini baada ya muda, akamfuata baba yake. Walitembea kurudi, mzee mbele, kijana nyuma. Watu wale wale wa gengeni waliinua mikono wasalimie, wakaona uso, wakaishusha.

Bernadeta alikuwa bado jikoni. Harufu ya karanga ilikuwa imejaa ua mzima. Alitoka na mwiko mkononi.

"Mbona mmerudi?"

Mzee Shigela alikaa kwenye kigoda alichokalia Bashiru. Akaanza kufungua viatu.

"Nimepumzishwa," alisema.

"Tena? Si msimu ndio umeanza leo?" Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Umepumzishwa mpaka lini?"

Mzee Shigela alivua kiatu kimoja, akakiweka chini kwa uangalifu.

"Muulize Mchumi," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Utani wa watu wa kiwandani ulikaa miaka miwili nje ya nyumba ile, na sasa ulikuwa umeingia kupitia mdomo wa baba. Nkwabi alielewa kwamba baba yake alikuwa anajua, pengine tangu getini, pengine tangu pale uani mwanawe aliposema kila upande una faida zake, na kwamba getini alimsitiri kwa watu, lakini hapa nyumbani hatamsitiri tena.

"Mama," alisema. "Mama, baba amepunguzwa kazi. Harudi tena. Imeandikwa hivyo, na mimi nilijua siku ile ile ya mkutano. Nilibadilisha neno."

Mwiko wa Bernadeta ulikuwa unadondosha uji wa karanga kwenye udongo, na kuku walikuwa wanakuja kuudonoa.

"Enhe," alisema mzee Shigela, akiinamia kiatu cha pili. "Hicho sasa ndicho Kiswahili. Hata mimi nimekielewa."